Taa ya Baiskeli na Vimulimuli wa Nyamigogo

Watu wengi waliotumia njia ya Nyamigogo kwenda Nyakanazi miaka ile ya wakimbizi walimfahamu Audax kwa mgongo kabla ya kumfahamu kwa uso. Asubuhi alikuwa mgongo ulioinama nyuma ya baiskeli iliyofunikwa na mikungu ya ndizi, mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mwingine ukisukuma mzigo kwa nyuma. Jioni mgongo ule ulikuwa umenyooka kidogo, anarudi na baiskeli tupu, mche wa sabuni na pakiti ya chumvi vimefungwa kwenye keria. Baiskeli yenyewe, Foniksi nyeusi, ilimzidi umri binti yake Teddy, na Teddy alikwisha kuolewa huko Kasulo na kupata watoto.

Biashara haikuwa mbaya. Tangu kambi zilipofunguliwa upande wa Ngara, malori hayakukatika Nyakanazi. Madereva walilala pale, utingo walikula pale, na mama ntilie wa pale walitaka ndizi kila siku iliyoanza na jua. Wabeba ndizi wenzake wakishamaliza kuuza walikaa kwenye mabenchi kupiga soga na kubishana kuhusu mpira. Audax alikaa nao, lakini alikuwa akitazama vitu. Aliweza kuwatazama siafu wakihama na mayai yao mpaka chai yake ikapoa na nzi akatumbukia ndani.

"Audax yupo hapa, lakini hayupo," walisema wenzake, naye alitabasamu tu, akamtoa nzi, akanywa.

Njia ya kurudi kwake ilikatiza bonde la kinamasi. Wanakijiji walikuwa wamejenga tuta la udongo katikati ya mafunjo na ndago, na mvua ikishanyesha tuta hilo liliteleza kama sabuni. Huwezi kupanda baiskeli hapo. Unashuka, unasukuma. Sasa, baiskeli yenye taa ya dainamo, inayozungushwa na tairi la nyuma, ukiisukuma polepole, taa haiwaki sawasawa. Inakohoa mwanga wa njano, inazimika, inakohoa tena. Audax alikuwa amevuka namna hiyo miaka mingi bila kuwaza lolote.

Jioni moja ya mvua za vuli, giza ndiyo kwanza linaingia, gurudumu la nyuma lilitumbukia kwenye shimo na kutoka. Taa ikawaka mara moja, ikazimika. Kimulimuli mmoja aliyekuwa akipita juu ya ndago akageuka angani, akaja moja kwa moja, akatua kwenye kioo cha taa. Akakitembelea kioo kile chote, juu na chini, kama mgeni anayetafuta mlango wa nyumba. Audax alisimama na baiskeli yake katikati ya tuta, akimwangalia, mpaka mdudu alipokata tamaa akaruka zake.

Kuanzia hapo akawa na shughuli yake. Kila jioni isiyokuwa na mvua alifika kwenye tuta jua likizama, akaisimamisha baiskeli kwenye stendi yake ili gurudumu la nyuma lining'inie, akachuchumaa kando. Kwanza alitazama tu. Akaona kuwa vimulimuli wa bonde lile wapo wanaoruka na wapo wanaokaa. Anayeruka hupita chinichini juu ya majani, anawasha, anazima, anaelea kidogo kana kwamba anatega sikio, halafu anasogea mbele na kuwasha tena. Anayekaa yuko kwenye jani la ndago karibu na maji, wala hana haraka na mtu. Akiona mwanga uliompendeza, hajibu papo hapo. Anaacha nafasi, kiasi cha mtu kumeza mate, ndipo anawasha mara moja tu, kwa upole. Hapo yule wa juu anageuka. Anauliza tena, anajibiwa tena, anashuka hatua kwa hatua, na mwishowe taa mbili zinakutana kwenye jani moja na zote zinazimika.

Audax akajaribu kujibu na yeye. Alizungusha pedeli nusu mzunguko kwa mkono, taa ikawaka, akalizuia tairi kwa kiganja, taa ikazima. Kimulimuli akapita bila kujali. Audax alikuwa amejibu mapema mno. Jioni iliyofuata alichelewa mno, mdudu akawa amekwisha kusogea. Ilimchukua muda kuizoea nafasi ile. Alipoizoea, akawa anameza mate kwelikweli, kisha anazungusha, na vimulimuli wakawa wanamjia kwenye kioo mmoja baada ya mwingine.

Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, mkewe Bonifasia, kwa sababu alitaka kujua kwa nini mume anarudi na matope magotini.

"Baba Teddy, nieleze vizuri," alisema Bonifasia, akiwa ameshika mwiko. "Anayeruka ni dume?"

"Nadhani ndiyo."

"Anamtafuta jike aliyekaa kwenye majani."

"Ndiyo."

"Na wewe unakaa kwenye majani, unamjibu."

Audax akaanza kubandua matope magotini.

"Kwa hiyo jike ni wewe!" Bonifasia alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Wanaume wa wenzangu wana nyumba ndogo huko Nyakanazi. Wangu anaposwa na wadudu! Haya, kaa ule, bibi harusi."

Ng'ambo ya tuta, pale ardhi inapoanza kupanda, palikuwa na kibanda cha nyasi. Humo waliishi Bigirimana na mkewe Irakoze, waliotoka Burundi. Walikuwa wamekaa kambini kwanza, kisha wakapata ruhusa ya kutoka kwenda kulima. Mjane mmoja wa kijijini, Eustakia, aliwapa mahali pa kujenga kando ya shamba lake, nao wakawa wanamlimia. Eustakia alikuwa mzee mwenye ulimi wa wembe, asiyemsifu mtu bure, lakini alikwisha kusema mbele za watu kwamba maharage yake hayajawahi kukaa kwenye mistari iliyonyooka namna ile. Irakoze alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, na wakunga wa kijiji walikuwa wakimpitia wakitoka kisimani.

Lakini miaka ile hofu nayo ilikuwa na nyumba kila mahali. Watu walisikia habari za mabasi kusimamishwa porini na wenye silaha, na kila mgeni aliangaliwa mara mbili. Kijiji kilikuwa na sungusungu, walinzi wake wa zamu wenye pinde na filimbi, na kamanda wao alikuwa Shibuda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, aliyehamia Nyamigogo zamani na kuheshimiwa na wote. Alikuwa mtu wa haki, ila alipenda sana filimbi yake.

Siku hiyo Audax alirudi mapema kuliko kawaida, kwa sababu ndizi ziliisha mchana. Alipokaribia uwanja wa shule akakuta wanaume wamekaa kwa duara, pinde magotini, Shibuda katikati. Bigirimana alikuwa amesimama mbele yao, kofia mkononi. Pembeni alikuwa Eustakia, amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe alichokibeba kutoka nyumbani, maana kiti cha kuazima alikuwa hakiamini.

"Njoo, Audax, umekuja wakati mzuri," aliita Methusela, kijana wa zamu za mlimani. "Tumeshika taa ya majambazi!"

"Taa gani?"

"Wiki nzima tunaiona tukiwa kule juu. Jioni, giza likiingia. Pale bondeni, karibu na kibanda cha huyu. Inawaka, inazima. Inasubiri. Inawaka tena. Na upande wa pili wa bonde wanamjibu, vitaa vidogo vidogo, vingi! Kundi zima!"

Audax alihisi masikio yanapata moto. Aliilaza baiskeli chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Shibuda aliinua mkono. "Tumekwisha kusikiliza. Bigirimana anasema hana tochi. Tumepekua, kweli hatukuiona. Lakini tochi hufichwa. Mimi sisemi huyu ni jambazi. Nasema taa iko kwake, na kijiji kina watoto. Kesho kuna lori linakwenda kambini. Yeye na mkewe watapanda, na kibanda kitavunjwa."

"Kamanda, mke wangu hawezi lori," alisema Bigirimana kwa sauti ya chini. "Siku zake zimefika. Njia ile na mashimo yale..."

"Utampandisha lori mwanamke mwenye tumbo lile?" Eustakia alidakia. "Shibuda, wewe ng'ombe wako akikaribia kuzaa hata umbwa unamkataza kubweka."

Watu wakacheka kidogo, Shibuda hakucheka.

"Kamanda," alisema Audax. "Taa ile ni yangu."

Duara lote likamgeukia. Hawakuwa wamezoea kusikia sauti yake mkutanoni.

"Yako?"

"Ya baiskeli. Naizungusha pedeli kwa mkono, pale kwenye tuta. Vile vitaa vidogo vinavyojibu ni vimulimuli."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Methusela alijipiga mapaja. Mzee mmoja aliuliza kama Nyakanazi siku hizi wanauza pombe asubuhi.

"Audax, una wajukuu," alisema Shibuda. "Unataka niamini kwamba unakaa kinamasini, unaongea na wadudu?"

"Siongei nao. Nawajibu."

"Unawajibu nini?"

Audax alitazama vidole vya miguu yake. "Dume akiuliza, najibu kama jike."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Hata Bigirimana, katika shida yake, aliziba mdomo kwa kofia. Lakini Shibuda alikuwa akimtazama Audax kwa makini, na kicheko kilipopungua alisema, "Huyu ni jirani mwema, na Bibi Eustakia humwuzia ndizi. Inawezekana anataka tu kuwaokoa wale. Basi atuonyeshe. Leo hii, jua likizama. Methusela, wewe panda mlimani pale pale mnapokaaga. Ukiiona taa ile ile, si nyingine, ile ile, piga filimbi. Ikiwa hakuna filimbi, lori ni kesho."

Habari zilikwenda mbio kuliko baiskeli. Jua lilipozama tuta lilikuwa limejaa watu kama gulio. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, wengine na mahindi ya kuchoma. Bonifasia alikuja na khanga yake ya kanisani, akasimama mbele kabisa.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Eustakia.

"Marahaba. Ndiyo huyu mumeo anaolewa leo?"

"Ndiyo yeye. Mahari bado hatujapanga."

Shibuda alifika na tochi ya mkononi, mpya, imejaa betri. Aliona aibu kidogo kwa ajili ya Audax na alitaka kumsaidia. "Ya nini kuhangaika na pedeli? Tumia hii."

Audax alijaribu kukataa, lakini kamanda alikwisha kumwekea mkononi. Akabonyeza. Mwanga mweupe ukapasua bonde mpaka ng'ambo, chura akaruka majini, na vimulimuli wachache waliokuwa wameanza kupepea wakazima wote kwa pamoja. Mlimani palikuwa kimya.

"Wamekwenda kulala," alisema mtu.

"Wameona mshenga hana adabu," alisema mwingine.

"Naomba tutumie ya baiskeli, kamanda," alisema Audax. "Na tochi zote na koroboi zizimwe."

Taa zikazimwa kwa manung'uniko, kwa sababu ya nyoka. Audax akaisimamisha Foniksi, akachuchumaa. Giza lilipotulia, kimulimuli mmoja akapita mbali, akawasha. Audax akameza mate, akazungusha. Taa ya njano ikawaka, ikazima. Kimulimuli akaendelea na safari yake. Akaja mwingine, ikawa vile vile. Wa tatu hakukaribia hata kidogo. Nyuma yake watu walikuwa wakisukumana ili waone, mtoto akalia, mahindi yakatafunwa karibu na sikio lake. Filimbi haikulia.

Audax alijua mkono wake haukukosea. Nafasi ilikuwa ile ile. Alibaki ameshika pedeli, akiwaza, huku akisikia Shibuda akivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kutoa uamuzi.

"Audax, imetosha," alisema Shibuda kwa upole. "Umejitahidi."

Bigirimana, aliyekuwa amesimama karibu na gurudumu la mbele, aliinama. Akaanza kung'oa matope kwenye miguu yake kwa kijiti, polepole, kama mtu mwenye safari. Audax akamtazama akifanya hivyo, na alipozitazama nyayo zile ndipo akaona. Ndago zote za ukingoni, pale wanapokaa wale wanaojibu, zilikuwa zimelala chini. Watu walikuwa wamezikanyaga, wengine wamezikalia. Dume gani ataleta posa mahali ambapo nyumba ya bibi harusi imebomolewa? Kisha akageuka, akautazama mlima. Hakuuona. Aliona vichwa, mabega, na khanga ya Bonifasia.

"Kamanda," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na nguvu, "watu wameketi juu ya majike. Na wamemziba Methusela. Mimi siuoni mlima, naye atanionaje?"

Shibuda aligeuka, akautafuta mlima kwa macho, akaona migongo tu. Akajikuna kidevu.

"Ninyi nyote, pandeni juu kwa Bibi Eustakia!" alinguruma. "Ondokeni kwenye tuta!"

"Ndiyo kwanza nimepata mahali pazuri," alilalamika Bonifasia.

"Mama Teddy, mwachie mumeo nafasi na wachumba wake," alisema Eustakia, akainua kigoda chake na kuongoza njia.

Walibaki watatu: Audax kwenye pedeli, Bigirimana akiushika usukani baiskeli isiyumbe, na Shibuda akiwa ameweka mkono kwenye tandiko. Audax akaisogeza baiskeli mpaka kwenye sehemu ya tuta ambayo ndago zilikuwa bado zimesimama. Wakangoja. Vyura walianza upya, mmoja, kisha wote. Kwenye ndago kukawaka kitone kimoja cha kijani, kikazima. Baadaye kingine. Juu ya maji wakaanza kupita wale wanaoruka, wachache, kisha wengi, mpaka bonde zima likawa linauliza na kujibu.

Mmoja akaja upande wao. Akawasha.

Audax akameza mate. Akazungusha.

Kimulimuli akasimama angani. Akageuka. Akawasha tena, karibu zaidi.

"Anakuja," alinong'ona Shibuda, amesahau kwamba alikuwa kamanda.

"Nyamaza, kamanda," alinong'ona Bigirimana, naye amesahau.

Audax akajibu mara ya pili, kisha ya tatu. Mdudu akashuka, akapita mbele ya kioo, akakosea kidogo, akatua kwenye kidole gumba cha Shibuda. Akawasha hapo hapo, na wote watatu wakaona ukucha wa kamanda ukimulikwa kijani. Na wakati huo huo, kutoka mlimani, filimbi ikalia. Ililia ndefu, ikakatika, ikalia tena kwa fujo, kwa maana Methusela alikuwa ameiona taa ya majambazi na alitaka kijiji kizima kijue.

Juu kwa Eustakia kelele za shangwe zilipanda. Vigelegele vilipigwa kama vya harusini, na Bonifasia ndiye aliyevianza.

Shibuda hakuondoa mkono. Alingoja mpaka kimulimuli aruke mwenyewe, ndipo akasafisha koo.

"Bigirimana, hutapanda lori," alisema. "Kibanda kitabaki mahali pake. Mimi nitasema mbele ya watu kwamba tulikosea." Kisha akachuchumaa kando ya Audax, magoti yakalia. "Hebu sogea. Nafasi yenyewe ni kiasi gani?"

"Kumeza mate."

Kamanda akaishika pedeli kwa mkono uliozoea kamba za ng'ombe, akaizungusha mizunguko kadhaa kwa nguvu. Taa ikawaka kama ya lori la mafuta. Vimulimuli wote wa karibu wakapotea.

"Umewakimbiza, Shibuda!" alipiga kelele Eustakia kutoka juu. "Ndiyo maana wake zako wanakwenda kusalimia kwao kila mwezi!"

Alijaribu tena na tena. Watu walianza kutawanyika wakicheka, Methusela akashuka mlimani na kuelezwa, akaelezwa mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuamini, na bado kamanda alikuwa amechuchumaa pale akimeza mate. Alipompata kimulimuli wake wa kwanza alitoa amri papo hapo: kuanzia siku hiyo Audax akitaka kushughulika na mambo yake ya bondeni, amtaarifu kwanza mtu wa zamu.

"Nimwambie nini, kamanda?"

"Mwambie unakwenda kuposwa."

Bigirimana hakungoja mwisho wa mchezo. Alipanda mbio kwenye kibanda, na Audax akamfuata na baiskeli, kwa kuwa njia ya nyumbani ilipita hapo. Irakoze alikuwa amekaa mlangoni kwenye furushi kubwa la mkeka, alilolifunga kwa kamba ya katani, mafundo matatu. Kila kitu cha nyumba kilikuwa ndani yake. Alikuwa amesikia vigelegele, lakini hakujua ni vya nini.

"Tunabaki," alisema Bigirimana.

Irakoze alimtazama yeye, kisha Audax, kisha furushi. Akaweka mkono tumboni, akaanza kucheka taratibu, huku akifuta macho.

"Basi nifungulieni," alisema. "Sufuria iko chini kabisa, na mimi siwezi kuinama. Maharage yalitakiwa yawe jikoni tangu jua halijazama."

Wale wanaume wawili wakapiga magoti gizani, mmoja kila upande, wakaanza kupambana na mafundo. Irakoze alikuwa ameyakaza kwelikweli, kwa safari ndefu, na kucha za Audax zilikuwa fupi.

"Umefunga kama mzigo wa ndizi, mama," alisema Audax.

"Nilikuona wewe unavyofunga," alijibu Irakoze. "Vuta huo wa kushoto."